Fundi wa saa aliyetumwa Aljeria na sanduku la sumaku

Kulikuwa na sanduku dogo la mbao ambalo mtoto aliweza kulibeba kwa mkono mmoja, na dakika moja baadaye mwanamume mwenye misuli ya kupakua magunia bandarini akashindwa hata kulitikisa. Sanduku hilo lilitengenezwa Ufaransa yapata miaka 180 iliyopita. Chini yake kulikuwa na bamba la chuma, na chini ya sakafu ya jukwaa kulikuwa na waya na betri. Jini hakuwamo. Aliyelitengeneza aliitwa Jean-Eugène Robert-Houdin, na leo nataka niwasimulie habari zake, kwa sababu sanduku lake bado linatembea mitaani kwetu, ila limebadilisha sura na wenyewe.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mombasa kwa miaka mingi, kwa hiyo msomaji atanivumilia nikikaa zaidi kwenye nyaya kuliko kwenye ndoa na mali za mtu huyu.

Alizaliwa Desemba 1805 katika mji wa Blois, kando ya mto Loire. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi wa saa. Na kama mafundi wengi hata hapa kwetu, mzee alipoona jasho lake hakutaka mwanawe ashike bisibisi. Akampeleka kusoma Orléans akiwa na umri wa miaka 11, na kijana alipomaliza akiwa na miaka 18 akatafutiwa kazi ya kunakili hati katika ofisi ya wanasheria. Mwili ulikuwa ofisini, roho ilikuwa kwenye magurudumu ya saa. Mwishowe familia ikakubali yaishe, akaenda kujifunza ufundi kwa binamu yake.

Katika kipindi hicho, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikwenda kwa muuza vitabu kununua vitabu viwili vya ufundi wa saa. Muuzaji akakosea akamfungia vitabu viwili vingine vilivyofanana kwa ukubwa. Alipofika nyumbani na kuvifungua akakuta ni vya michezo ya sayansi na mazingaombwe. Hakuvirudisha. Alikesha navyo.

Hadithi nzuri, na huenda ni kweli. Lakini niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha ya Robert-Houdin yametoka kwenye kitabu alichojiandikia mwenyewe, na mtu ambaye kazi yake ni kukufanya uangalie mkono wa kulia wakati wa kushoto ukifanya mambo, hawezi kusomwa kama cheti cha kuzaliwa. Ndani ya kitabu hicho yumo mwalimu wake mmoja, mwanamazingaombwe aitwaye Torrini, mwenye mkasa mrefu wa kutoa machozi. Watafiti wengi wanaamini mtu huyo hakuwahi kuishi. Tuliweke jambo hilo akilini, tutalihitaji tukifika Aljeria.

Mwaka 1830 alimwoa Josèphe Cécile Houdin, binti wa fundi wa saa wa Paris, akaliunga jina la ukoo wa mkewe na la kwake. Huko Paris alifanya kazi na mkwewe, akitengeneza saa na vinyago vinavyojiendesha. Kimoja kilikaa mezani kikaandika na kuchora kwa mkono wake. Alikipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1844, Mfalme Louis-Philippe akakitazama, naye akapata medali ya fedha. Baadaye P. T. Barnum, yule mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, alikinunua. Lakini mkewe hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1843 akamwachia watoto wadogo. Alioa tena.

Tarehe 3 Julai 1845 alifungua ukumbi wake mdogo pale Palais-Royal, Paris, wa viti kama mia mbili hivi. Usiku wa kwanza ulimwendea vibaya kwa hofu, akasema haraka haraka, akataka kuacha kabisa. Hakuacha. Na alileta mageuzi ambayo leo tunayaona ya kawaida. Wanamazingaombwe wa zama zile walivaa majoho yenye nyota na kofia ndefu, na meza zao zilifunikwa vitambaa hadi sakafuni, maana chini yake kulikuwa na mtu amejificha. Yeye alitoka na suti ya jioni kama waliyovaa watazamaji wake, akaweka meza zenye miguu myembamba ambazo unaona mpaka nyuma yake.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa kusoma magazeti. Mwaka 1847 watu wote walikuwa wakizungumza habari za etha, dawa mpya iliyowawezesha madaktari kumpasua mtu bila maumivu. Robert-Houdin akatoka jukwaani na mwanawe mdogo, akajifanya anamnusisha etha, huku nyuma ya pazia msaidizi akimwaga etha halisi juu ya chuma cha moto ili harufu ijae ukumbini. Kisha kijana akalazwa hewani, ameegemea fimbo moja kwa kiwiko tu. Etha haikuwa na kazi yoyote katika mchezo ule. Kazi yote ilifanywa na chuma kilichofichwa ndani ya nguo za kijana. Hata hivyo watu walimwandikia barua wakimlaumu kuwa anamuua mwanawe kwa dawa.

Sanduku lilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Miaka ya 1820 wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba waya wenye umeme una nguvu ya sumaku, na kwamba ukiuzungusha waya huo mara nyingi kwenye chuma laini, chuma kinakuwa sumaku pale tu umeme unapopita, na kinaacha kuwa sumaku umeme unapokatwa. Wanasayansi walilijua hilo. Mtu wa kawaida aliyenunua tiketi hakulijua. Katika pengo hilo, kati ya wanaojua na wasiojua, ndipo Robert-Houdin alipoweka meza yake.

Mwaka jana vijana watatu wa mtaani kwetu, wanafunzi wa sekondari, walinijia wakitaka kitu cha kuonyesha siku ya sayansi shuleni. Nikawaambia tulitengeneze. Tulichukua transfoma kutoka kwenye amplifaya iliyokufa. Ndani ya transfoma kuna vipande vyembamba vingi vya chuma, vingine vina umbo la herufi E, vingine ni vijiti vilivyonyooka vinavyoziba mdomo wa hiyo E. Tukavitoa vile vijiti, tukapanga E zote zielekee upande mmoja, tukairudisha koili kwenye mguu wa kati. Ikawa sumaku ya umeme yenye uso uliofunguka. Waya tulioutumia ni ule wa upande wa stima, mwembamba, uliozungushwa mara nyingi sana, lakini tuliupa volti 12 tu kutoka kwenye betri ya bodaboda.

Nasisitiza hapo, maana nawajua mabarobaro. Mtu asije akauchomeka ukutani akidhani sumaku itazidi nguvu. Transfoma iliyofunguliwa hivyo ikipewa stima ya nyumbani itaungua, na wewe ukiwa karibu huenda ukaungua pia.

Sanduku lenyewe lilikuwa la plywood nyepesi, na chini yake tukaligongomea bamba la chuma tukalipaka rangi ya mbao. Meza tukaitoboa ili uso wa sumaku ulingane na uso wa meza. Swichi ikawa chini ya mkeka, ya kukanyaga kwa kisigino. Tukafunga na daiodi kwenye koili, kwa sababu koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha cheche na kula swichi.

Basi vijana wakaanza kujaribu. Chuma kikigusa chuma, sanduku liligoma kabisa, meza yote ikanyanyuka pamoja nalo. Tulipotandika kipande cha leso juu ya meza, liling'oka lakini kwa nguvu, mtu anakaza meno. Tulipoweka kipande cha plywood katikati, lilinyanyuka kama hakuna kitu. Unene wa ubao mmoja mwembamba ndio tofauti ya miujiza na mbao tupu. Ndipo nilipomheshimu Mfaransa yule. Hakuwa na stima ya ukutani wala betri ya dukani. Alikuwa na mitungi ya asidi iliyoandaliwa kabla ya onyesho, na sanduku lilibidi liwekwe mahali pale pale, bila kukosea, mbele ya macho ya watu, huku akiongea na kutabasamu. Shida nyingine waliyokutana nayo vijana ni kwamba sanduku liliendelea kunata kidogo hata baada ya kuzima. Chuma hubaki na kumbukumbu ya sumaku. Utepe mwembamba wa gundi chini ya bamba ukaimaliza.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na hamu ya kuwafundisha.

Kabla ya hapo, mgeni mmoja alikodi chumba mtaani kwetu, mtu mpole, mwenye maneno matamu. Alikuwa na kijisanduku juu ya meza yake, na aliwaambia wanaomwendea kwamba kinakuwa chepesi kwa mwenye nia safi na kizito kwa aliyefungwa na mambo ya watu. Mama mmoja jirani yangu, ambaye bintiye alikuwa amekwama na posa, alijaribu kukinyanyua akashindwa. Akatoa pesa, akashindwa. Akatoa bangili za dhahabu alizomwekea huyo binti. Siku hiyo kikanyanyuka. Wiki iliyofuata chumba kilikuwa kitupu. Mwenye nyumba aliniita niangalie meza iliyoachwa, kwa sababu ilikuwa nzito kupita kiasi. Nilipoibomoa nilikuta koili, kiunzi cha chuma, na betri ya pikipiki imelala ubavuni. Hata kufunga nyaya hakujua vizuri.

Yule mama hakwenda polisi. Alisema aibu itamzidi hasara. Lakini vijana walipomaliza la kwao, nilimwomba mwanawe amlete uani kwangu. Hatukumhubiria. Kijana mmoja alimwonyesha swichi, akamwambia akanyage mwenyewe. Mama akakanyaga, akavuta sanduku, likagoma. Akaachia, likaja. Alirudia mara nyingi, bila kusema neno, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nikirudi kwa Robert-Houdin: huko Paris hakuna aliyeibiwa. Mtu alilipa kiingilio akijua anakwenda kudanganywa kwa saa mbili na kurudi nyumbani akicheka. Lugha yetu inalo neno lake, kiinimacho, na mtu akilisikia hafikirii uganga. Mabaya yaliingia pale sanduku lilipotoka ukumbini na kupewa kazi nyingine.

Mwaka 1848 mapinduzi ya Ufaransa yaliua biashara ya kumbi, akahamia London kwa muda na kucheza mbele ya Malkia Victoria. Aliporudi, akauacha ukumbi mikononi mwa shemeji yake, aliyecheza kwa jina la Hamilton, akastaafu kwenye nyumba yake karibu na Blois. Hapo ndipo serikali ilipomfuata.

Ufaransa iliivamia Algiers mwaka 1830. Kwa miaka mingi ilipigana na Amiri Abdelkader hadi alipojisalimisha mwaka 1847, na hata baada ya hapo upinzani haukwisha. Viongozi wengi wa upinzani huo walikuwa masheikh wa twarika, walioitwa na Wafaransa marabout, na maafisa wa jeshi walishikilia kwamba watu waliwafuata kwa sababu ya karama zao. Kanali de Neveu, aliyeshughulikia mambo ya wenyeji huko Algiers, akawa na wazo: aletwe Mfaransa mwenye karama kubwa zaidi. Robert-Houdin alikataa mwanzoni, alikuwa na shughuli zake za umeme. Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 50, akakubali. Alikwenda na mkewe.

Maonyesho makuu yalifanyika mwishoni mwa Oktoba 1856 katika ukumbi wa Bab Azoun, Algiers. Machifu na masheikh waliitwa kutoka sehemu mbalimbali, wakakaa chini na kanzu zao nyeupe, wakizungukwa na maafisa na wakalimani. Juu, kwenye nafasi ya heshima, alikaa gavana mkuu, Jemadari Randon, na familia yake. Mwanamazingaombwe alianza na mambo mepesi. Alitoa mizinga ya risasi kwenye kofia. Alitoa peremende na kahawa kwenye bakuli lililoonekana tupu, na wageni wakasita kuinywa kahawa hiyo, jambo ambalo mimi naliona la busara kabisa.

Kisha likaja sanduku. Paris alilicheza kama mzaha. Algiers alilibadilishia maneno. Aliita mwanamume mwenye nguvu, akamwomba anyanyue, akanyanyua bila shida. Halafu akampitishia mikono na kumwambia kwamba amemwondolea nguvu zake, sasa ni dhaifu kuliko mwanamke. Yule bwana akavuta, akapumzika, akavuta tena. Sanduku halikusogea. Mchezo ungeweza kuishia hapo na kila mtu angekwenda kulala. Lakini Robert-Houdin alikuwa ameunganisha waya nyingine kwenye mkono wa sanduku. Akatoa ishara, na umeme ukampiga yule mtu mikononi mpaka akaanguka magoti akipiga kelele, asiweze hata kuachia. Alipoachiwa alikimbia nje ya ukumbi akijifunika uso.

Huwa nasoma sehemu hiyo nikiwa na hasira ya kifundi. Sumaku ni hila. Unamshinda mtu kwa akili. Kumpiga shoti ni kitu kingine. Fundi yeyote anajua mshiko unavyokaza wakati umeme unapita, na hakuna anayemfanyia hivyo mtu asiyejua, mbele ya watu wake, isipokuwa ametumwa kumdhalilisha.

Baada ya hapo alimwita kijana, akamfunika kwa koni kubwa, akamtoweshea hewani. Ukumbi ukavurugika, watu wakakimbilia mlangoni, na huko wakamkuta kijana mwenyewe amesimama mzima. Siku zilizofuata, anasimulia, wakalimani waliagizwa kuwaeleza wageni kwamba yote yale yalikuwa ustadi tu, wala si uchawi. Machifu wakampa hati iliyoandikwa kwa nakshi nzuri, yenye mihuri yao, ya kumsifu.

Angalieni jinsi jambo lilivyopangwa. Kwanza unamtia mtu hofu kwamba una nguvu zisizo za kawaida. Ukishamwona amelowa jasho, unamwambia ni ustadi tu, ili ajihisi mjinga juu ya kuhofu. Mwisho unampa kalamu asaini shukrani.

Na hapa nakumbuka kile nilichosema kuhusu kitabu chake. Karibu yote haya tunayasikia kutoka kwake. Waalgeria katika simulizi yake wanapiga kelele, wanakimbia, wanashangaa, wanasaini; hawasemi. Mimi siamini kwamba walikuwa wepesi wa kudanganywa kama anavyowachora. Chifu aliyeitwa na jeshi lililoteka nchi yake, akaketishwa mbele ya gavana, ataonyesha mshangao unaotakiwa na ataisaini hati atakayopewa, kisha atarudi kwake na kusema anachokifikiri kwa watu anaowaamini. Wazee wetu wa pwani walipoitwa mbele ya magavana wa wakati wao walijua pia namna ya kuitikia bila kukubali.

Huko huko Algiers, Robert-Houdin alikwenda kuangalia hadhara ya Waaissawa, wafuasi wa twarika waliokula vioo na kujipitishia vyuma vikali wakiwa katika dhikri, na akaandika maelezo ya kirefu jinsi anavyodhani kila kitu kinafanyika. Baadaye alisafiri bara, na huko, kwa masimulizi yake, sheikh mmoja alimtaka wapigane kwa bastola. Alijiokoa kwa risasi bandia za nta zilizopakwa masizi. Sina namna ya kujua kama risasi zile ziliwahi kuwepo, na wala msomaji hana.

Lakini kuna jambo moja ambalo halitegemei kitabu chake. Kama mazingaombwe yaliituliza Aljeria, jeshi lisingekuwa na kazi. Mwaka 1857, miezi michache tu baada ya maonyesho, Jemadari Randon yule yule aliyekaa kwenye nafasi ya heshima aliingia milima ya Kabylia na majeshi yake. Wakabyle walipigana, miongoni mwa viongozi wao akiwa mwanamke, Lalla Fatma N'Soumer, aliyekamatwa Julai mwaka huo. Hakuna sanduku lililohitajika hapo. Walitumia mizinga.

Robert-Houdin alirudi nyumbani na hakupanda tena jukwaani kwa kazi ya namna hiyo. Na hapa nakiri kwamba nampenda tena, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karakana ya ndoto. Geti lilikuwa mbali na nyumba. Mgeni akibisha, kengele ililia ndani, na mwenye nyumba akabonyeza kitufe, geti likafunguka lenyewe. Kengele ilipolia tena na tena geti likisukumwa, alijua wageni ni wangapi kabla hawajafika mlangoni. Saa moja kuu iliendesha saa nyingine za nyumba kwa nyaya. Akihisi njaa mapema aliisogeza mbele kutoka chumbani kwake, na chakula cha mchana kikaja kabla ya wakati bila mtu kujua. Farasi wake alilishwa na saa hiyo hiyo: ikifika wakati, umeme ulifungua chombo na shayiri ikamwagika horini, lakini mlango wa zizi uwe umefungwa kwanza. Hiyo ya mlango ni kwa sababu ya mtumishi mmoja aliyekuwa akipunguza shayiri. Yote haya miaka ya 1850 na 1860, kabla mtu yeyote hajawa na stima nyumbani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1855 alikuwa ameshapata medali kwa kazi zake za umeme, na baadaye alibuni vyombo vya kuchunguzia macho. Laiti angeanza hapo na kuishia hapo.

Mwaka 1861 alitoa kitabu cha kufichua hila za wacheza karata wezi. Alieleza alama wanazoweka, namna wanavyochanganya, na jinsi wanavyoshirikiana na mtu anayejifanya mgeni mezani. Wanaocheza karata tatu karibu na vituo vya matatu leo wangejiona humo ndani. Hapo sikubaliani na wale wanaosema siri za mazingaombwe hazitolewi hata iweje. Mwenyewe alizitoa, pale zilipotumika kumnyang'anya mtu mali. Ya Algiers alizitoa pia, lakini kwa Wafaransa, kwa Kifaransa, kama kisa cha kuchekesha.

Jina lake lilivuka bahari. Kijana mmoja wa Marekani mwenye asili ya Hungaria alikisoma kile kitabu akajiita Houdini. Baadaye, mwaka 1908, alichapisha kitabu kizima cha kumshambulia akidai aliiba michezo ya wengine. Ukumbi wa Paris ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès, ambaye aliufanya mahali pa kuonyeshea sinema zake za ajabu. Blois kuna jumba la makumbusho ya mazingaombwe mbele ya kasri la wafalme, ambamo madragoni ya mashine hutoa vichwa madirishani, na watoto hupiga makofi.

Miaka yake ya mwisho haikuwa na makofi. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, mwanawe Eugène alikuwa kapteni katika kikosi cha Zouaves, kikosi kilichoanzishwa huko huko Aljeria baada ya uvamizi. Alijeruhiwa vitani mwezi Agosti mwaka huo akafa. Adui alipofika upande wa Blois, mzee na familia yake walijificha pangoni karibu na nyumba ile ya kengele na nyaya.

Machi 1871 Kabylia ililipuka tena. Safari hii aliyeongoza ni el-Mokrani, na aliyewaita watu wengi zaidi wasimame ni Sheikh el-Haddad, mzee wa twarika ya Rahmaniya, aina ile ile ya sheikh ambaye sanduku lilitumwa kumnyamazisha miaka 15 kabla. El-Mokrani aliuawa vitani mwezi Mei. Robert-Houdin alifariki kwa nimonia tarehe 13 Juni, akiwa na umri wa miaka 65, na siku hiyo mapigano milimani yalikuwa bado yanaendelea.